Ukoko wa Chokaa: Jinsi ya Kuutoa Katika Birika, Mabomba na Hita ya Maji

Askari, awe wa jeshi au wa polisi, hana hiari ya kuchagua maji atakayoyatumia. Leo anakaa Jinja, ambako maji hutoka katika Ziwa Victoria na sabuni hutoa povu kabla haijasuguliwa vema. Kesho barua ya uhamisho humfikia, na baada ya majuma mawili vyombo vyake hushushwa mlangoni pa nyumba nyingine huko Karamoja, ambako maji huvutwa kwa pampu kutoka chini kabisa ya ardhi. Nyumba ni ya serikali kama ile ya kwanza, na mabomba yanafanana. Lakini maji si yale.

Inspekta mmoja wa polisi tunayemfahamu alipata uhamisho wa namna hiyo. Mwezi wa kwanza mkewe aliona birika la chai limekuwa jeupe ndani, kana kwamba limepakwa chokaa. Mwezi wa tatu maji ya bafuni yalikuwa yakitoka katika vitundu vichache tu, tena yakienda upande. Mwezi wa tano hita ya maji ikaanza kunguruma na kugonga kila ilipowashwa, hata watoto wakakataa kuoga. Tulipofika kuwatembelea, mama wa nyumba alituuliza kama maji yale yana sumu na kama ingefaa awapeleke watoto kwa bibi yao mpaka muda wa uhamisho uishe.

Tulimjibu kwamba sumu hakuna. Lakini tulipoizunguka ile hita na kuitazama kwa nje, tuliona jambo lililotutia hofu kuliko ukoko wote uliokuwamo ndani yake. Kabla ya kulieleza jambo hilo, yafaa kwanza msomaji afahamu ukoko wenyewe hutoka wapi.

Mvua inaponyesha, maji yake huchukua kutoka hewani kiasi kidogo cha kabonidayoksaidi, yaani hewa ile tunayoitoa puani tunapopumua. Yakishaingia udongoni huchukua kiasi kikubwa zaidi, kwa kuwa mizizi na wadudu wa ardhini nao hupumua. Hapo maji huwa na uchachu mdogo sana ambao ulimi hauwezi kuuonja, lakini jiwe la chokaa huuonja. Maji yakipita katika jiwe hilo, au katika marumaru, hulila polepole na kulichukua likiwa limeyeyuka, nayo yakabaki maangavu kabisa. Karamoja ina marumaru nyingi. Huko Kosiroi, chini ya Mlima Moroto, huchimbwa na kupelekwa Tororo kutengenezwa saruji. Msomaji asistaajabu basi ikiwa kisima kilichochimbwa katika nchi ya namna hiyo kinatoa maji yenye jiwe ndani yake.

Maji hayo yakipashwa joto, ile kabonidayoksaidi hutoroka. Chokaa haina tena kitu cha kuishikilia katika maji, nayo hugeuka kuwa jiwe kama ilivyokuwa hapo awali, ikajishika mahali penye joto kuliko pote. Ndiyo maana ukoko huanza kwenye sakafu ya birika na juu ya elementi ya hita, yaani ule mrija wa chuma unaopitisha umeme na kuyapasha maji joto. Ndugu zetu wa Mombasa, Lamu na Unguja wanaijua habari hii tangu zamani, kwa sababu visima vyao vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na mawe hayo hayo ndiyo wanayoyachoma kupata chokaa ya kujengea. Nao askari wetu waliotumikia katika pwani ya Somalia tangu mwezi wa Machi 2007 wameikuta ardhi ya aina iyo hiyo.

Wataalamu huyapima maji kwa miligramu za chokaa katika kila lita. Yasiyozidi 60 huitwa maji laini. Kutoka 60 hadi 120 ni magumu kiasi, kutoka 120 hadi 180 ni magumu, na yanayozidi hapo ni magumu sana. Asiye na maabara karibu anaweza kufanya jaribio dogo. Na atie maji ya mvua katika chupa moja na maji ya kisima katika chupa nyingine, kwa kipimo kimoja, kisha akwangue ncha ya sabuni ya mche na kutia kiasi sawa katika kila chupa, halafu azitikise zote mbili. Ya mvua itajaa povu. Ya maji magumu itakuwa na utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, na utando huo ndio unaozifanya sare za kazi kupoteza rangi yake na kukakamaa shingoni.

Kuhusu afya, Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha kiafya kwa ugumu wa maji. Chokaa iliyomo ni kalsiamu ile ile inayojenga mifupa. Mama wa nyumba alifurahi kusikia hivyo, na safari ya kwa bibi ikaahirishwa.

Madhara basi ni kwa vyombo, na kupitia vyombo humfikia mtu. Tufanye hesabu ndogo. Tuseme maji yana miligramu 300 za chokaa katika lita, na hita ina ujazo wa lita 50 zinazopashwa joto mara moja kwa siku. Lita hizo 50 zimebeba gramu 15. Ikiwa theluthi moja tu itaganda ndani na nyingine itatoka na maji, kila siku gramu 5 hubaki. Katika mwaka mzima hizo ni zaidi ya kilo moja na robo tatu za jiwe, ndani ya chombo kilichofungwa ambacho hakuna mtu anayekichungulia. Uhamisho wa askari mara nyingi ni wa miaka kadhaa, na yule aliyemtangulia katika nyumba hiyo huenda hakuigusa hita hata siku moja.

Jiwe hili halipitishi joto vizuri. Shaba hulipita mara mia na zaidi. Katika jiko la kuni, ambako moto uko nje ya chungu na ukoko uko ndani, hasara yake ni dhahiri: joto hukataa kuingia, likapanda na moshi, na kuni zikateketea bure. Wapishi wa majiko makubwa ya kambini hawahitaji kuelezwa jambo hili na mwandishi wa gazeti. Kwa hita ya umeme mambo ni tofauti kidogo, nasi hatukubaliani na wauzaji wa dawa wanaotangaza kwamba ukoko huongeza malipo ya umeme maradufu. Elementi imezama ndani ya maji. Joto lake halina njia nyingine ila kuingia katika maji hayo, hata kama litachelewa. Kinachoharibika ni elementi yenyewe. Imevikwa koti la jiwe, haiwezi kupoa, nayo huwaka kupita kiasi mpaka ipasuke. Ikipasuka, umeme waweza kukutana na maji, na hapo anayeoga husalimika tu ikiwa waya wa kupeleka umeme ardhini na swichi ya kuukata vimewekwa kama inavyotakiwa.

Ule mngurumo uliowatia watoto hofu hutokana na jambo hilo hilo. Maji yaliyonaswa chini ya ukoko huchemka kwa ghafula, mapovu ya mvuke hulipuka na kufa, na chombo chote kikatetemeka. Hita inayonguruma inaomba kufunguliwa.

Sasa tuje kwenye lile tuliloliona.

Chini ya hita iliyofungwa, penye bomba la maji baridi, huwa pana kifaa kidogo cha shaba chenye mkono na mdomo uliofunguka. Hiyo ni vali ya usalama. Maji yakipata joto hutanuka. Lita 50 zikitoka nyuzi 20 hadi nyuzi 60 huongezeka kwa karibu robo tatu ya lita, na kwa kuwa maji hayashindiliki, ziada hiyo haina budi kupata mahali pa kutokea. Katika hita nyingi hutokea katika mdomo wa vali, tone kwa tone, wakati hita inapofanya kazi. Mpangaji aliyetangulia katika nyumba ile alichoshwa na matone hayo yaliyolowesha sakafu. Alichonga kijiti, akakisokomeza katika mdomo wa vali, akakifunga kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, akakaza vizuri kabisa. Kazi yake ilikuwa safi. Twamsifu kwa mkono wake, lakini kwa akili yake hatuwezi.

Themostati ni kifaa kinachoizima elementi maji yakifikia joto lililokusudiwa. Kifaa hicho hukaa katika mfuko wa chuma ndani ya hita, na mfuko huo nao hupata ukoko. Kikidanganyika au kikigandamana, elementi huendelea kuwaka. Maji yaliyobanwa hayachemki kwa nyuzi 100. Hupanda zaidi na kungoja. Siku chombo kitakapopasuka, maji hayo hupata nafasi kwa ghafula, na sehemu yake hugeuka mvuke mara moja. Tone la maji likigeuka mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 kuliko iliyokuwa nayo kwanza. Hapo hita haivuji. Hulipuka na kutoboa paa.

Askari hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano katika historia, maana mfano mkubwa kuliko yote uliwapata askari. Tarehe 27 Aprili 1865, katika mto Mississippi karibu na Memphis, Marekani, meli ya mvuke iliyoitwa Sultana ilikuwa ikiwarudisha kwao askari waliofunguliwa kutoka kambi za mateka. Vita vyao vilikuwa vimekwisha. Meli iliruhusiwa kuchukua watu 376, nayo ilibeba zaidi ya 2,000. Boila zake zililipuka usiku, na watu zaidi ya 1,100 wakafa kwa moto, mvuke na maji. Sababu zilizotajwa ni zaidi ya moja: boila iliyotiwa kiraka kwa haraka, maji machache ndani yake, na tope la mto lililojikusanya katika mirija ambayo ilikuwa vigumu kuisafisha. Mahali palipofunikwa na uchafu maji hayakufika, chuma kikaungua na kulegea. Hita ya bafuni si boila ya meli, wala hatusemi kuwa kila kijiti kitaua watu. Twasema kwamba kanuni ni moja, na kwamba katika nyumba ile kijiti kilikuwa kimekaa hatua mbili kutoka mahali ambapo watoto huvulia nguo zao.

Jambo la kwanza tulilomwomba inspekta ni kuzima swichi kuu, kuiacha hita ipoe usiku kucha, na watoto waoge maji ya sufuria. Kesho yake aliitwa fundi wa umeme na mabomba aliye na leseni. Twalisisitiza jambo hili kwa kuwa askari wengi ni hodari wa mikono, na uhodari huo huwafanya wafungue vitu ambavyo havikuwa vyao kufungua. Ukoko katika birika ni kazi ya mtu yeyote. Hita ya umeme yataka fundi, na mwenye nyumba asimame karibu aone yote yanayofanyika.

Tuanze na birika, ambalo ndilo jepesi. Mimina siki na maji nusu kwa nusu mpaka ukoko wote ufunikwe, pasha mpaka yawe ya moto bila kuchemka, zima, kisha acha kwa saa moja. Utaona mapovu yakipanda. Hiyo ni kabonidayoksaidi ikitoka, na ni dalili kwamba jiwe linayeyuka. Mapovu yakikoma na jiwe bado lipo, nguvu ya siki imekwisha. Mwaga utie nyingine. Halafu suuza, chemsha maji matupu mara mbili, na uyamwage. Ndimu au malimau hufanya kazi hiyo hiyo. Unga mweupe uitwao asidi ya sitriki, unaouzwa katika maduka ya vifaa vya kuokea mikate, ni bora zaidi kwa kuwa hauna harufu. Vijiko viwili vya chakula katika lita moja ya maji ya vuguvugu hutosha. Usiuchemshe, maana kwa joto kali huweza kuungana na chokaa ukafanya unga mwingine usioyeyuka.

Huko Karamoja miti ya mikwaju ni mingi, na mama mmoja jirani alituuliza kama ukwaju hautafaa. Ukwaju hung'arisha shaba vizuri sana, lakini kwa ukoko wa chokaa haufiki mbali, kwa sababu asidi yake na chokaa vikikutana hufanya kitu kingine kigumu kuyeyuka. Mama yule hakuridhika. Alijaribu mwenyewe, na baadaye akatuletea birika tulione. Lilikuwa kama lilivyokuwa, ila linanukia vizuri.

Kichwa cha bomba la mvua bafuni hufunguliwa na kuzamishwa katika siki ndani ya bakuli. Kisipofunguka, tia siki katika mfuko wa plastiki, ukivishe kichwa hicho na kuufunga kwa kamba. Kama kimepakwa chuma cheupe kinachong'aa, nusu saa yatosha, kwa maana kikikaa mno rangi hiyo hutoka. Vitundu vilivyobaki vimeziba husukumwa kwa mwiba au kijiti cha kiberiti. Katika mdomo wa bomba za kisasa huwa pana wavu mdogo ambao watu wengi hawajui kuwa hufunguka. Mara nyingi wavu huo peke yake ndio uliozuia maji, na mwenye nyumba alikwisha kupanga kubadili mabomba yote.

Sasa hita. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kudhani kwamba watamimina siki ndani na kungoja. Tuhesabu tena. Lita moja ya siki ya kawaida, ile yenye asidi sehemu tano katika mia, huweza kuyeyusha gramu 42 hivi za jiwe, basi. Ikiwa ndani mna kilo moja na robo tatu, zitahitajika lita zaidi ya 40. Hakuna mshahara wa kazi hiyo. Kwa hiyo hita kubwa hufunguliwa, na sehemu kubwa ya jiwe hutolewa kwa mkono; asidi hutumiwa mwishoni tu, kwa yaliyoshikamana.

Fundi alikata umeme na kuhakikisha kwa kipimo kwamba hakuna umeme katika waya, wala hakutegemea swichi peke yake. Alifunga maji yanayoingia, akafungua bomba la maji ya moto ili hewa iingie, akamwaga maji yote kwa mpira hadi nje. Alichora kwenye karatasi nafasi ya kila waya kabla ya kuutoa. Kisha akafungua zile nati za kifuniko cha chini na kuivuta elementi. Haikutoka. Ilikuwa imenenepa kupita tundu lake, nayo ilibidi igongwe taratibu kwa mpini wa mbao mpaka ukoko ukavunjika na kuanguka ndani kama vipande vya vigae. Tulivitoa kwa mkono na kwa kijiko cha mbao. Ndoo ya lita 10 ilijaa nusu na zaidi.

Asiguse mtu ndani ya hita kwa bisibisi wala patasi. Ukuta wake umepakwa utando kama wa sahani za bati zilizopakwa rangi, na ukichubuka hapo kutu huanza. Tuliikuta pia fimbo ya magnesiamu, au tuseme masalia yake: waya mwembamba tu. Fimbo hiyo huwekwa kwa makusudi iliwe na kutu badala ya hita. Ikiisha, zamu ni ya hita. Fundi aliweka mpya, pamoja na mpira mpya wa kuzuia maji kwenye kifuniko, kwa kuwa ule wa zamani haukazi tena ukishafunguliwa. Elementi ililazwa katika ndoo ya maji ya vuguvugu yenye asidi ya sitriki, ncha zake za umeme zikiwa nje, na baada ya saa mbili ikawa chuma kitupu.

Ilikuwa katikati ya kungojea huko ambapo konstebo mmoja, dereva, alipokuja na chupa. "Afande," alimwambia inspekta, "maji ya betri haya yatamaliza kazi kwa dakika tano." Alikuja kwa moyo mwema, nasi tunajua kwamba katika karakana za magari kambini dawa hiyo haikosekani. Lakini asidi ya betri ni asidi ya salfa. Ikikutana na jiwe la chokaa hugeuza ngozi ya nje ya jiwe hilo kuwa jasi, na jasi haiyeyuki ila kidogo sana. Povu hutoka kwa dakika moja, halafu kimya. Jiwe lililobaki limevikwa koti jipya ambalo hata siki haitalipenya upesi. Hayo ni mbali na macho na ngozi ambavyo asidi hiyo huviunguza, na chuma ambacho hukila. Konstebo aliirudisha chupa yake, akabaki kusaidia kubeba ndoo.

Iko pia asidi kali ya kusafishia vyoo. Hiyo huyeyusha chokaa kweli, lakini hula zinki ya mabomba ya chuma, hula saruji ya sakafu, na ikikutana na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini hutoa hewa ya klorini. Ni hewa ile ile ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia tarehe 22 Aprili 1915 huko Ypres, Ubelgiji, dhidi ya askari waliokuwa mahandakini. Bafu dogo lenye dirisha lililofungwa halina tofauti kubwa na handaki. Dawa hizo mbili zisikutane kamwe, hata katika bomba la maji machafu. Wala asidi yoyote, hata siki, isifungiwe pamoja na ukoko katika chupa au chombo kisichopumua, maana ile hewa inayotoka italipasua.

Kuhusu mabomba yenyewe, maneno yetu ni machache. Ya maji baridi hupata ukoko kidogo tu. Yale ya maji ya moto, hasa mita ya kwanza kutoka kwenye hita, huweza kubaki na tundu jembamba kama kalamu. Hapo ni nafuu kukata kipande hicho na kuweka kipya. Mabomba ya chuma ya zamani yana kutu na chokaa vilivyoshikana, na mara nyingi chokaa ndiyo inayoziba matundu ya kutu. Atiaye asidi humo anaweza kuondoa ukoko asubuhi na kuita fundi wa mivujo jioni.

Ukoko utarudi, kwa kuwa maji ni yale yale. Waweza kucheleweshwa. Themostati iwekwe kwenye nyuzi 60: ukizidisha hapo chokaa huganda kwa kasi na mtoto huungua, ukipunguza sana vijidudu vya maji hupata nafasi ya kuzaana ndani ya hita. Kila mwezi hita ikiwa imezimwa imwagwe ndoo moja kutoka chini, kutoa vumbi la chokaa kabla halijashikana. Zipo mashine zinazolainisha maji kwa chumvi, nazo hufanya kazi, lakini bei yake ni ya hoteli. Ama zile sumaku za kufunga juu ya bomba, zinazouzwa kwa maneno mengi, sisi tusingezinunua kwa fedha yetu.

Dawa ya bei nafuu ni maji ya mvua kutoka paa la bati, yaliyokingwa baada ya mvua ya kwanza kuliosha paa. Hayana jiwe. Yahifadhiwe kwa birika, kwa pasi ya mvuke, na kwa kufulia sare. Dereva wa gari la doria naye akiyapata ayatumie katika rejeta pamoja na dawa yake, badala ya maji ya kisima; rejeta nayo ni hita, ijapokuwa kazi yake ni kinyume.

Hita ya inspekta ilirudishiwa kifuniko chake, ikajazwa maji kwanza huku bomba la maji ya moto likiwa wazi mpaka maji yakatoka mfululizo bila kukohoa hewa, na ndipo umeme ukawashwa. Hita ikiwashwa tupu, elementi huungua mara moja. Haikunguruma. Vali ya zamani, pamoja na kijiti chake, ilitupwa. Ndani yake palikuwa na jiwe, hata bila kijiti isingefunguka. Fundi alifunga mpya, akamwonyesha mama wa nyumba jinsi ya kuinua ule mkono mara moja kwa mwezi, maji yatoke kwa nguvu kidogo, kisha kuurudisha.

Baada ya nusu saa mdomo wa vali ulianza kudondosha. Mama aliweka kopo chini yake. Hita ilipojizima tulilipima lile kopo: ilikuwa robo tatu ya lita, upungufu wa vijiko viwili au vitatu. Mpira mwembamba ulifungwa siku iyo hiyo kutoka mdomo ule hadi nje ya dirisha, ukielekea chini bila kizibo wala mkunjo, na maji yake humwagikia mpapai ulio nyuma ya bafu.